Gari Linavuta Kushoto? Alaimenti Ije Mwisho

"Fundi, gari linavuta kushoto, na alaimenti nimeshapiga." Sentensi hii naisikia mara nyingi kiasi kwamba naweza kuimalizia kabla mwenye gari hajafunga mlango. Baada yake hufuata lawama kwa kituo cha alaimenti (kupima na kurekebisha pembe za magurudumu), kwamba mashine yao ni mbovu au kijana aliyeishika hajui kazi, kisha naulizwa kama namfahamu mwenye mashine nzuri zaidi. Aghalabu mashine haina kosa lolote. Kosa ni ile imani kwamba kila ugonjwa wa usukani katika gari dogo la miaka ishirini na zaidi hutibiwa kwa alaimenti, imani ambayo inawalipa vizuri wenye mashine na kuyaacha magari yakivuta vilevile.

Nitazungumzia magari ninayoyashika kila siku: Corolla za AE100 na AE110, Carina, Premio za mwanzo, na ndugu zao waliotufikia wakiwa wameshatumika Japani. Mbele, karibu yote yana mfumo wa MacPherson, yaani shokapu imesimama juu ya nako (chuma kinachobeba gurudumu), mkono mmoja wa chuma chini, boljointi moja (kiungo kinachoushika mkono huo kwenye nako) na tairodi moja (fimbo inayogeuza gurudumu) kila upande. Ni mfumo rahisi na wa bei nafuu, lakini una jambo moja ambalo wenye magari hawaambiwi: pembe ya mbele ambayo kwa kawaida inaweza kurekebishwa ni moja tu, nayo ni tou, yaani jinsi magurudumu yanavyoelekea ndani au nje ukiyatazama kutoka juu. Kemba (tairi kulala ndani au nje kwa juu) na kasta (mlalo wa mbele au nyuma wa mhimili ambao gurudumu hugeukia) mashine huzipima, huzionyesha kwa rangi nyekundu au kijani, na huzichapa vizuri kwenye karatasi unayokabidhiwa pamoja na risiti. Lakini hakuna nati ya kuzungusha ili kasta ya gari hilo ibadilike. Kemba inaweza kusogezwa kidogo kwa kutumia boliti maalumu, nyembamba kuliko zile za kawaida, zinazofunga shokapu kwenye nako, ila ni vituo vichache vinavyojisumbua nazo. Kwa hiyo ulicholipia ni tou, mengine ulisomewa tu.

Hapa ndipo subira yangu huisha, kwa sababu tou mbaya ya mbele kwa kawaida haivuti gari. Chukua tairi la kushoto lililoelekezwa ndani kupita kiasi. Gari likianza kutembea, magurudumu mawili yaliyounganishwa na raki moja (fimbo yenye meno ambayo usukani huisogeza kushoto na kulia) hugawana kosa hilo hadi kila moja libebe nusu yake, gari hunyooka, na usukani hubaki umekaa kombo. Kinachoumia ni matairi, kwa sababu yote mawili sasa yanaburuzwa pembeni kidogo kila mita yanayokwenda. Pitisha kiganja juu ya kashata (uso wa tairi unaogusa barabara) kutoka upande mmoja wa tairi kwenda wa pili, kisha ukirudishe: njia moja ikiwa laini na nyingine ikakukwaruza kama meno ya msumeno, hiyo ndiyo alama ya tou mbaya.

Kumbe basi, usukani kukaa kombo na gari kuvuta ni mambo mawili tofauti, ingawa kwenye simu wote huniambia "linavuta". Katika barabara iliyonyooka isiyo na magari, legeza mkono bila kuuachia usukani. Gari likiendelea mbele huku nembo ya usukani imeinama, tazama tou, au ekseli ya nyuma iliyowahi kugongwa kwenye ukingo wa barabara ikapinda, ikalifanya gari litembee kiubavubavu. Gari likihama upande mara tu unapolegeza mkono, huko ndiko kuvuta, na tairodi hazitakusaidia.

Kuna mafundi wanaotibu usukani wa kombo kwa kuuchomoa kwenye meno yake na kuurudisha ukiwa umenyooka. Kazi hiyo huchukua dakika chache na mteja huondoka akitabasamu. Raki, hata hivyo, sasa haiko katikati gari linapokwenda mbele, hivyo kona ya upande mmoja hukatwa kwa upana zaidi kuliko ya upande wa pili, na kosa la tou lililokuwepo linaendelea kula matairi bila dalili ya kumwonya dereva. Gari likiwa na mkoba wa hewa, nyuma ya usukani kuna waya uliokunjwa kwa mizunguko maalumu. Ukiurudisha usukani vibaya, waya huo utakatika siku utakapokata kona hadi mwisho, na taa ya onyo itawaka. Mimi nasema wazi kwamba huo ni ulaghai, hata pale anayeufanya anapoamini kuwa anamsaidia mteja.

Sasa kuvuta kwenyewe. Anza na upepo, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo huvuta kuelekea upande wake, na usiamini jicho. Kibandiko kilichomo kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinataja kiasi. Kikisema kPa 220, hiyo ni kama psi 32. Pili, kumbuka kwamba sisi tunaendesha kushoto na barabara zetu nyingi zimeinuliwa katikati ili maji ya mvua yateremke pembeni, hivyo gari zima kabisa litateleza kushoto polepole. Nimewahi kuletewa magari yasiyo na tatizo lolote ila barabara. Lipime kwenye uwanja mpana ulio sawa kabla ya kununua chochote.

Tatu ni tairi lenyewe, na hapa fedha nyingi hupotea. Nyuzi za chuma zilizo chini ya kashata zikikaa pembeni kidogo, ama kiwandani ama baada ya tairi kupigwa na shimo, upande mmoja wa tairi hupata kipenyo kinachozidi kidogo cha upande wa pili, na tairi husukuma pembeni kila linapobingirika. Hakuna mashine ya alaimenti itakayoliona hilo, maana yenyewe hupima mwelekeo wa rimu. Kipimo chake hakina gharama: badilisha matairi ya mbele, la kulia liende kushoto na la kushoto liende kulia, kisha rudi kwenye barabara ileile. Mvuto ukihamia upande wa pili au ukatoweka, mshitakiwa umempata. Matairi yenye mshale wa kuzungukia hayabadilishwi hivyo. Yahamishe kati ya mbele na nyuma, upande uleule. Nashangaa kila mara jinsi watu walivyo tayari kulipia alaimenti nyingine huku jeki na spana ya magurudumu zimelala kwenye buti.

Nne, kalipa (kifaa kinachobana pedi za breki) iliyong'ang'ania. Endesha kwa muda bila kukanyaga breki kwa nguvu, simama, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu. Yenye joto kali kuliko mwenzake itajieleza yenyewe. Tano, bushi (mpira wa kiungio) ya nyuma ya mkono wa chini. Ikipasuka, gurudumu hurudi nyuma kidogo, kasta hupungua upande huo, na gari huvutwa kuelekea huko, hasa linapofunga breki. Gari ambalo hubadili tabia ya kuvuta kati ya kukanyaga mafuta na kukanyaga breki, mimi huanza na bushi hizo. Kemba nayo huvuta kuelekea upande ambako sehemu ya juu ya tairi imelala nje zaidi. Kwa gari la MacPherson maana yake ni kitu kilichopinda, na kilichopinda hubadilishwa.

Niseme na kuhusu spesa, vile vipande vya kulinyanyua gari, kwa kuwa matuta yetu yamezifanya ziwe kama kifaa cha kiwandani. Gari likinyanyuliwa, mkono wa chini na tairodi vyote huteremka kwa pembe mpya, ila si kwa kiasi kilekile, kwa hiyo tou hubadilika siku hiyohiyo. Hilo alaimenti italiondoa. Isichoondoa ni kwamba tangu sasa kila tuta na kila shimo litabadilisha tou tena gurudumu linapopanda na kushuka, na dereva atahisi gari linayumba lenyewe kwenye barabara mbovu, ilhali karatasi ya kipimo ni kijani tupu. Sisemi mtu asiweke spesa. Anayekaa mtaa wenye mawe ana sababu zake. Nasema asiniulize kwa nini usukani hautulii kama zamani.

Mchezo kwenye usukani, yaani kuzunguka bure kabla magurudumu hayajaitika, ni habari nyingine. Vitabu vya Toyota huruhusu kwa kawaida hadi milimita 30 kwenye ukingo wa usukani. Zaidi ya hapo, mahali fulani pamelegea. Watu hunyanyua gari, hutikisa gurudumu, husema "tairodi nzima hii", kisha hulishusha. Kiungo kisicho na mzigo kinaweza kujificha. Acha magurudumu chini, injini ikiwaka, mwenzako ayumbishe usukani kidogo kidogo kwa haraka, nawe weka vidole kwenye kila kiungo kwa zamu: ncha ya tairodi, mpira wa raki unaoficha tairodi ya ndani, bushi zinazofunga raki kwenye mwili wa gari, halafu kiungo cha msalaba cha shafti inayoshuka kutoka kwenye usukani. Kidole huhisi mpigo ambao jicho halioni. Boljointi ya chini ndiyo ninayoiogopa, kwa sababu ikichomoka gurudumu hulala na gari halikatiki kona tena. Ikiwa na mchezo, gari langu au lako halitoki gereji siku hiyo. Usukani unaotetemeka kati ya kilomita 80 na 100 kwa saa ni suala la balansi au rimu iliyopinda, na ukitetemeka tu wakati wa breki ni diski. Hakuna alaimenti hapo pia.

Usukani mzito nitaupitia kwa haraka. Nyanyua magurudumu yote mawili ya mbele na uzungushe, injini ikiwaka: ukibaki mzito, chomoa ncha za tairodi na uzungushe tena, hapo utajua kama uzito uko kwenye raki na shafti au kwenye boljointi na beringi ya juu ya shokapu. Usukani ukikaza na kulegea kwa zamu kila nusu mzunguko, kagua kiungo cha msalaba. Pampu ya usukani inayolia asubuhi mara nyingi inanyonya hewa kupitia mpira wa upande wa kikopo cha oili, na mpira huo unaweza kunyonya hewa bila kudondosha tone. Povu kwenye kikopo ndiyo dalili. Kwenye usukani, Toyota hizi za zamani hutumia ATF (oili ya giaboksi za otomatiki) ya Dexron, Honda wana oili yao wenyewe, na anayejazia oili ya breki atanunua raki, kwa sababu oili hiyo huvimbisha sili, mipira inayozuia oili isivuje. Bana pia mipira miwili ya raki kabla ya kununua gari: ukihisi oili ndani, sili zimeshakwisha, hata kama raki imepanguswa ikang'aa.

Raki yenyewe ndiyo inayoninyima uhakika. Nyuma yake kuna nati ya kubana mchezo, na kitabu kinaeleza kipimo cha kuikaza kana kwamba raki ni mpya. Raki ya zamani imelika katikati, ambako usukani hukaa muda mwingi, huku miisho yake ikiwa bado mizima. Ukiikaza hadi mchezo wa katikati uishe, itabana kwenye kona na usukani hautarudi wenyewe. Mimi huikaza kidogo sana, huendesha, na huirudisha nikihisi tofauti. Ni kiasi gani hasa, mkono huamua, na sidai kwamba huamua sawa kila mara. Kuhusu raki mpya ya bei ya chini dhidi ya iliyotumika kutoka kwa wauza vipuri wa Gerezani, Dar es Salaam, bado naelemea kwenye iliyotumika ikiwa naweza kuizungusha kwanza na kuona mipira yake mikavu. Wapo mafundi ninaowaheshimu wanaopinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Vilevile yapo magari ambayo vipimo vyote vimo ndani ya mipaka, matairi yamebadilishwa, bushi ni mpya, na bado yanavuta. Kwa hayo mimi hulegeza fremu ndogo inayobeba mikono ya chini, huisogeza kwa milimita chache, na kuikaza upya. Baadhi hupona, baadhi hayaponi.

Ukishamaliza hayo yote, peleka gari alaimenti, na uende bila kusitasita iwapo umebadilisha tairodi, raki, mkono wa chini au shokapu. Upepo uwe sawa, buti liwe tupu. Mwombe fundi aufunge usukani ukiwa umenyooka kabla hajagusa nati yoyote, apime na nyuma, kisha arekebishe tairodi zote mbili, kwa sababu anayezungusha ya upande mmoja tu kwa kuwa nati ya pili ina kutu atakurudishia usukani wa kombo. Dai karatasi ya kabla na ya baada. Kasta za kushoto na kulia zikitofautiana zaidi ya nusu digrii, usimlaumu mwenye mashine; rudi nayo gereji tukatafute kilichopinda.