Maksai wa kwanza wa maonyesho: tafuta mfugaji kabla hujatafuta ndama

Kila ikifika katikati ya mwezi wa nane, Iowa State Fair, yale maonyesho makubwa ya jimbo la Iowa, Marekani, ikiwa imepamba moto hapa Des Moines, simu yangu inaanza kuita. Wanaopiga ni wazazi wa kwetu, Wakongo, Warundi, Wakenya, na sisi Watanzania wachache, na habari ni ileile: mtoto ameenda kwenye maonyesho ameona watoto wa rika lake wanaongoza maksai wa kilo 600 kwa kamba, ng'ombe amechanwa manyoya mpaka anang'aa, na mtoto karudi nyumbani hataki kusikia kitu kingine. Swali linakuja: kaka, huyo ndama tunampata wapi na ni shilingi ngapi, yaani dola ngapi?

Mi kazi yangu ni lishe ya ng'ombe wa nyama, na nje ya kazi nasaidia watoto wa mjini wa 4-H, zile klabu za vijana wanaojifunza kazi kama ufugaji, ambao nyumbani kwao hamna hata kuku. Na jibu langu siku zote ni kwamba anza na mtu, ndama atafuata. Najua linaudhi kwa sababu umepiga simu kuuliza bei, lakini nina sababu.

Hebu tuanze na kalenda maana hapo ndo wengi wanachelewa. Ndama wengi huku wanazaliwa kuanzia Januari hadi Aprili, wanaachishwa ziwa Septemba au Oktoba wakiwa na paundi kama 500 hadi 650 (paundi moja ni karibu nusu kilo). Maonyesho mengi ya kaunti ni Julai. Sasa piga hesabu, ukimchukua tarehe 1 Novemba ana paundi 575, mpaka katikati ya Julai ni siku 255 hivi, akiongezeka paundi 3 kwa siku anaongeza 765, anafika 1,340, na hapo ndo ameiva. Ukimnunua Januari ana paundi hizohizo 575 utafika Julai una ng'ombe ambaye bado hajajaa, mwamuzi atamshika mbavu akute mifupa. Kwa hiyo kununua ni vuli ya huku, Septemba hadi Novemba, na kununua vuli maana yake kuongea na wafugaji kiangazi, Juni hadi Agosti, siyo mwezi wa kumi ndo unaanza kuulizia.

Alafu kuna jambo la soko. Januari 2025 ng'ombe na ndama wote wa Marekani walihesabiwa milioni 86.7, idadi ndogo kuliko zote tangu 1951, ukame uliwafanya watu wauze hadi majike ya kuzalisha. Ndama wa kawaida kabisa wa mnadani amepanda bei, na huyu wa maonyesho ndo usiseme. Maana yake kwako wewe mgeni ni nini? Maana yake mfugaji hana shida ya wateja. Hakusubiri wewe. Anachagua nani atamuuzia, hasa hawa wafugaji wadogo wanaojali jina lao, kwa sababu ndama wake akionekana kwenye uwanja amekonda na mchafu watu watauliza katoka kwa nani. Ndo maana nasema namna unavyomfuata mfugaji ina uzito kuliko wengi wanavyodhani.

Kumpata wapi sasa. Sehemu nzuri kuliko zote ni kwenye mabanda ya maonyesho yenyewe, na usikimbilie kwenye banda la bingwa, pale kuna foleni na kuna bei. Zunguka kwenye mabanda ya pembeni saa za asubuhi watoto wanapoosha ng'ombe, angalia vibao vilivyotundikwa juu, vingi vinaandika jina la shamba lililomzalisha. Ukiona jina moja limerudi mara tatu kwa watoto tofauti wa familia tofauti, na ng'ombe wote watatu wametulia, liandike. Ongea na mtoto mwenyewe, muulize ulipokwama yule mzee mliyenunua kwake alikusaidia? Watoto hawajui kudanganya kuhusu hilo. Mtoto wa miaka kumi na mbili alishaniambia mbele ya baba yake kwamba mfugaji wao hajapokea simu tangu siku alipolipwa, na baba akanyamaza.

Sehemu ya pili ni ofisi ya ugani ya kaunti yako, iko chini ya Iowa State University, pale kuna mtu anayeshughulikia vijana wa 4-H na anajua nani anauza na nani ana nafasi bandani kwake kwa mtoto wa mjini asiye na shamba. Muulize hilo la banda kwanza kabla ya lolote, na muulize kanuni za kaunti yenu zinasemaje. Ya tatu ni vyama vya wafugaji wa kila mbegu ya ng'ombe, American Angus Association iko Saint Joseph huko Missouri, Hereford, Shorthorn, Simmental, wote wana orodha za wanachama kwa jimbo. Ila ujue maksai wengi wanaoshinda ni machotara, wanaitwa ndama wa klabu, wana damu ya Maine-Anjou au Chianina imechanganywa na Angus au Simmental, manyoya mengi, mapaja yamejaa. Kwa mtoto wa kwanza mi napenda Hereford au Angus, upole kwanza, na manyoya yao hayakulazimishi kununua mashine ya kupuliza na kukausha manyoya ya bei mbaya.

Minada ya onlaini ya Septemba naipita haraka: usianzie huko. Nilianzia huko mimi na mwanangu mkubwa. Picha zilikuwa nzuri, ndama kanyolewa vizuri, kasimamishwa kwenye majani makavu, tukashinda mnada saa nne usiku tukafurahi. Alipoteremka kwenye trela alikuwa hajawahi kufungwa kamba, ameachishwa ziwa wiki ileile, siku ya nne anakohoa na kamasi, wiki mbili za dawa na mwanangu analala bandani na koti. Muuzaji alisema picha ulionyeshwa ukakubali. Alipona, ila alipoteza uzito wa mwezi mzima, na mwanangu mwaka uliofuata hakutaka tena. Hilo bado linaniuma.

Sasa kupiga simu. Wengi wetu tumezoea mnada wa ng'ombe wa Pugu kule Dar es Salaam, unafika, unasalimia, unazunguka, unaweka bei ya chini kabisa, mwenye mali anacheka, dalali anaingia kati, mnaanza kupatana. Huku usifanye hivyo. Mfugaji ana bei yake kaiandika, ukimtupia nusu yake neno la kwanza hakuoni mjanja, anaona unamdharau na mazungumzo yamekwisha kwa upole kabisa, atakwambia nitakutafuta na hatakutafuta. Nafasi ya kuongea bei ipo, ila inakuja baada ya kuona ndama, na inaulizwa hivi: mimi bajeti yangu inaishia hapa, una ndama gani anayeingia humo? Taja namba ya kweli. Watu wetu wanaficha bajeti wakidhani wataonekana wanyonge, kumbe mfugaji akijua una 2,500 anakupeleka moja kwa moja kwenye zizi la pili badala ya kukutembeza kwa ndama wa 8,000 mkapotezeana jioni.

Na saa ya kupiga. Septemba hadi Novemba ni mavuno ya mahindi na soya, wafugaji wengi hapa ni wakulima pia, yuko kwenye mashine mpaka usiku. Piga siku ya mvua. Kweli kabisa, mvua ikinyesha hawezi kuvuna, yuko nyumbani au karakana, ana muda na anataka kuongea na mtu. Siku kavu tuma meseji. Hii hapa niliwahi kumsaidia mama mmoja wa Kirundi kuandika, ilienda kwa Kiingereza ila maneno ni haya: "Habari za jioni. Binti yangu ana miaka kumi na moja, huu ndo mwaka wake wa kwanza wa 4-H na hatujawahi kufuga ng'ombe. Tuliona maksai wako kwenye maonyesho ya kaunti wametulia sana. Tunatafuta ndama mpole wa mwaka ujao, bajeti yetu ni dola 2,500. Tunaweza kuja kuangalia siku yoyote inayokufaa, hata kama huna wa kuuza tungependa kujifunza." Angalia, kataja mtoto, kataja kwamba hawajui, kataja namba, kaacha siku mikononi mwa mwenyeji. Alijibiwa kabla ya kulala.

Ukikubaliwa kwenda, nenda na mtoto, na mtoto ndo asalimie na aulize maswali. Aandike kwenye daftari. Mfugaji anataka kuona kama mtoto ndo anataka au mzazi ndo anataka. Vaa buti zilizooshwa, kama jana ulikuwa kwenye zizi la mtu mwingine badilisha viatu na useme umebadilisha, hawa watu wanaogopa magonjwa kubebwa na wageni na wakisikia umelifikiria hilo wanakuheshimu papo hapo. Usifungue geti bila kuruhusiwa, na geti uliloliacha wazi hata dakika moja litakumbukwa miaka kumi. Usipige picha na kuposti.

Maswali yenyewe: kazaliwa lini, kaachishwa ziwa lini (nataka siku 45 ziwe zimepita, hapo kashamlilia mama kanyamaza na amezoea kula kwenye chombo), chanjo zipi na tarehe, hasa chambavu na zile za mapafu. Kahasiwa lini na kwa njia gani, kapona? Amewekewa kidonge cha homoni sikioni? Maonyesho mengine hayaruhusu. Pembe zimetolewa? Amepimwa BVD, ule ugonjwa wa virusi wa kuhara kwa ng'ombe? Kuna ndama anazaliwa na kile kirusi na anakisambaza maisha yake yote, kipimo ni kipande kidogo tu cha sikio na mfugaji makini hakasiriki ukiuliza. Swali nalolipenda kuliko yote ni hili, anakula nini sasa hivi na naweza kununua kwako magunia mawili ya hichohicho? Kwa sababu ndama akihama nyumba na chakula siku moja tumbo linavurugika, ukimwaga nafaka nyingi ghafla linachachuka na anaweza kuharibika kwato maisha yake yote, nimeona wengi.

Kuangalia ndama mwenyewe, omba atembezwe. Simama pembeni, mguu wa nyuma ukanyage pale wa mbele ulipotoka, ukikanyaga fupi au mguu wa nyuma umenyooka kama nguzo, muache hata kama mapaja ni mazuri, kwa sababu utamwongezea paundi 700 juu ya miguu hiyohiyo. Kwato ziwe pana. Kisha simameni kimya nje ya zizi dakika kumi bila kufanya kitu. Yule anayeinua kichwa juu, masikio mbele, anazunguka ukuta, siyo wa mtoto wa kwanza. Yule anayekutazama, anapuliza pumzi, alafu anarudi kwenye nyasi zake, muulize mwenyeji habari za huyo.

Na hapo ndo uulize, ukiona imefaa, je nikikwama naweza kukupigia? Sikiliza anavyojibu. Mfugaji mmoja alimjibu yule mama wa Kirundi kwa kumpa mtoto hatamu kuukuu mkononi na kumwonyesha kuifunga, mara tatu, mpaka akaweza mwenyewe, kabla hata hawajataja bei. Ndama hawakumchukua siku ile, walienda kuona mashamba mengine mawili wakarudi kwake.

Kuhusu milioni ya dola mnayoona kwenye maonyesho ya mifugo ya Houston, Texas, kweli bingwa wa kule ameshauzwa hadi hapo, ila zile ni hela za matajiri wanaochangia masomo ya vijana, siyo bei ya nyama, msifanye bajeti kwa hiyo. Mwambieni mtoto mapema pia kwamba maksai anaenda machinjioni, mwambieni kabla hajampa jina.

Mkishalipa, hapa Iowa maksai wa maonyesho ya 4-H lazima asajiliwe ifikapo tarehe 1 Februari, na kama mnataka State Fair kuna bahasha ya sampuli ya manyoya kwa ajili ya DNA, chukueni ofisi ya ugani. Mtumieni mfugaji picha siku ndama anapofika, moja tu, na nyingine Krismasi. Msimpigie kuanzia Februari hadi Aprili isipokuwa ndama anaumwa, usiku wote yuko zizini anazalisha.