Je, wajua kwa nini "sauti ya wananchi" hugombana kwanza na hakimu?

Ukitaka kulisikia swali hili likiulizwa kwa hasira, keti kwenye baraza lolote la Mji wa Kale hapa Mombasa baada ya swala ya isha, muuza kahawa akipitisha vikombe na kashata. Siasa haikosi. Juzi kijana wa tuktuk alikuwa amemkalia kooni mzee mmoja, mstaafu wa bandarini: "Ami, watu mamilioni wapange foleni kutwa kwenye jua, kisha majaji saba wa Mahakama ya Juu wakae waseme kura haihesabiki. Hiyo demokrasia ni ya nani?" Mzee akapuliza kahawa yake. "Mwanangu, hao saba wamewekwa kwa ajili ya siku ambayo hao mamilioni watakugeuka wewe."

Kijana hakuridhika, na kwa kweli jibu lilikuwa fupi mno kwa swali zito kama lile.

Wataalamu wa siasa wana jina kwa mwanasiasa anayeishi ndani ya swali hilo: mpopulisti. Wengi hudhani ni yule anayemwaga ahadi na kugawa unga na leso, lakini huyo yuko katika kila chama, tena kila mtaa. Mwanazuoni wa Uholanzi, Cas Mudde, alieleza mwaka 2004 kwamba mpopulisti huigawa jamii mafungu mawili, wananchi wasafi huku na wakubwa waliooza kule, kisha hudai kwamba kazi ya siasa ni kutimiza matakwa ya wale wasafi. Mjerumani Jan-Werner Müller huongeza sharti moja ambalo kwangu ndilo kiini cha mambo: mpopulisti hudai kwamba ni yeye peke yake anayewasemea wananchi. Asiyemuunga mkono hahesabiwi kuwa mwananchi mwenye maoni tofauti. Ni kibaraka, msaliti, mtu wa kununuliwa.

Ukishakubali dai hilo, mengine yanafuata yenyewe. Kama mimi ndiye wananchi, basi hakimu anayenizuia anawazuia wananchi. Mwandishi wa habari anayenichimba anawachimba wananchi. Tume ya uchaguzi ikitangaza kwamba nimeshindwa, basi kura zimeibwa, maana wananchi watajishindaje wenyewe?

Hapa tusimwonee kila anayepiga kelele. Mwaka 2019 serikali ya Kenya iliagiza mizigo inayoshushwa Mombasa isafirishwe kwa reli ya SGR hadi bara. Madereva wa malori, mawakala wa forodha na mama ntilie wa Changamwe waliona riziki inapanda treni, watu wakaandamana. William Ruto akaahidi kuirudisha kazi hiyo, na siku alipoapishwa, Septemba 13, 2022, akatangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zinarudi bandari ya Mombasa. Mtu anaweza kubishana kuhusu faida na hasara ya agizo lile, lakini kudai riziki yako na kumpigia kura anayekuahidi kuirudisha ni demokrasia ya kawaida kabisa.

Ugonjwa wenyewe ni wa zamani kuliko vyama vyote. Mwaka 406 kabla ya Kristo, Waathene walishinda vita vya baharini karibu na visiwa vya Arginusae. Dhoruba ikavuma, na majemadari wakashindwa kuwaokoa mabaharia wao waliokuwa wakielea kwenye merikebu zilizovunjika. Mji ukawaka hasira. Sheria ilitaka kila mshtakiwa ahukumiwe peke yake, lakini likaletwa pendekezo kwamba wote wahukumiwe kwa kura moja. Waliosimama kusema hoja hiyo inavunja sheria walizomewa: ni jambo la ajabu, umati ulisema, watu kuzuiwa kufanya wapendalo. Kisha wapingaji wakatishiwa kuunganishwa na washtakiwa katika kura ileile, wakanywea. Mwanafalsafa Socrates, aliyekuwa miongoni mwa wasimamizi wa kikao siku hiyo, alikataa, lakini sauti yake moja haikuzuia kitu. Majemadari sita waliokuwepo mjini wakauawa. Muda si mrefu Waathene walijuta, wakawafungulia mashtaka waliowachochea. Majemadari hawakufufuka.

Tazama kwamba Athene ilikuwa na sheria nzuri tu. Ilichokosa siku ile ni mtu au chombo ambacho umati ungelazimika kukisikiliza hata ukiwa na hasira.

Wapopulisti wa leo wamesoma somo hilo kwa kinyume, na hawahitaji fujo. Viktor Orbán alipata kama asilimia 53 ya kura nchini Hungary mwaka 2010, lakini mfumo wa viti ukampa theluthi mbili za bunge. Ikaandikwa katiba mpya, na umri wa majaji kustaafu ukashushwa kutoka miaka 70 hadi 62, hivyo wakongwe wengi wakaondoka kwa mpigo. Venezuela, mwaka 2004, chini ya Hugo Chávez, mahakama kuu iliongezwa kutoka majaji 20 hadi 32. Poland nayo mwaka 2018 ilijaribu njia ya umri, kutoka 70 hadi 65. Kila mara maelezo yalikuwa yaleyale, kwamba wananchi wamechoka kukwamishwa.

Kwetu lugha hiyo si ngeni. Mahakama ya Juu ilipofuta matokeo ya urais Septemba 1, 2017, majaji wanne wakikubali na wawili wakipinga, Rais Uhuru Kenyatta aliwaita wakora mbele ya umati. Kisha ukaja mpango wa BBI (Building Bridges Initiative), aliouasisi Kenyatta pamoja na Raila Odinga, wa kubadilisha katiba. Msafara wake ulifika hapa Januari 2020, mkutano ukafanyika Mama Ngina. Saini zilizotakiwa, milioni moja, zilipatikana na kupita. Lakini Machi 31, 2022, Mahakama ya Juu iliamua kwamba rais hawezi kutumia njia ya katiba iliyotengwa kwa ajili ya mabadiliko yanayoanzishwa na wananchi. Njia nyingine iliyopo ni ya kupitia bunge. Sijui uamuzi mwingine wa Kenya uliogusa dai la mpopulisti kwa karibu namna hiyo.

Mtu wa Pwani ana sababu yake ya ziada ya kuelewa kwa nini wingi huwekewa mpaka. Kabla ya uhuru, Ronald Ngala wa Kilifi aliongoza chama cha KADU kudai majimbo, kwa hofu kwamba jamii ndogo zitamezwa na wingi wa kubwa. Katiba ya 1963 ikawapa majimbo na Seneti. Mwaka 1964 KADU ikajivunja na majimbo yakaporomoka kwa jina la umoja; kufikia 1966 Seneti ilikuwa imefutwa. Katiba ya 2010 ililirudia jambo hilo kwa namna nyingine: wingi wa kura pekee haumfikishi mtu Ikulu, lazima pia apate angalau robo ya kura katika kila moja ya kaunti zisizopungua 24.

Pamoja na hayo, kijana wa tuktuk anajua kitu ambacho watetezi wa mahakama hupenda kukiruka. Hapa Pwani kesi ya shamba hurithiwa. Baba anafungua, mtoto anaendelea kuhudhuria tarehe za kuahirishwa, na skwota anabaki bila hati kwenye ardhi waliyozikwa babu zake. Kwa maoni yangu, hakuna mpiga kampeni bora wa mpopulisti kuliko faili lililopotea. Anayekuja jukwaani na kusema "nipeni mimi, nitamaliza kwa siku moja" anasema uongo, lakini anausema kwa mtu aliyeambiwa asubiri tangu utotoni. Demokrasia humwambia mtu huyo kwamba yeye ndiye mwenye nchi, kisha humwita mara moja kila miaka mitano.

Wala chombo cha kuzuia hakihitaji kutukanwa ili kife. Unaweza tu kuacha viti vyake vitupu. Tume ya uchaguzi, IEBC, ilibaki bila makamishna tangu Januari 2023 hadi Julai 2025, wanasiasa wakivutana kuhusu namna ya kuwateua. Muda wote huo hapakuwa na wa kuitisha uchaguzi mdogo. Magarini, kaunti ya Kilifi, kaskazini mwa Mombasa, matokeo ya ubunge yalikuwa yamefutwa mahakamani. Wapiga kura wake wakakaa bila mbunge hadi Novemba 27, 2025.