M.R. baada ya jina la jaji si "Bwana"

Mwanafunzi wa sheria akifungua ripoti za kesi za Uingereza, hakawii kukutana na "Lord Denning, M.R." Katika maktaba yetu nimesoma kazi kadhaa zilizogeuza herufi hizo kuwa "Bwana Denning", kana kwamba ni lile "Mr." la kila siku. Sivyo. "Mr." hutangulia jina, M.R. hulifuata, na ni kifupi cha Master of the Rolls, jaji anayeongoza upande wa madai wa Mahakama ya Rufani ya England na Wales. Katika safu ya majaji wa huko ni wa pili, baada ya Jaji Mkuu.

"Rolls" ni magombo. Makarani wa Chansela, waziri mtunza muhuri wa mfalme, hawakuwa na mafaili. Walinakili hati kwenye ngozi ya kondoo, wakashona kipande kwa kipande, kisha wakakunja kama mkeka. Mtunzaji wa magombo hayo anatajwa tangu mwaka 1286. Ilikuwa kazi ya ukarani, lakini anayeshika kumbukumbu ndiye ajuaye mfalme amempa nani ardhi gani, kwa hiyo taratibu Chansela akawa anamwachia mashauri ayasikilize. Karani akawa jaji. Hata Bunge lilipoanzisha ofisi ya kumbukumbu za taifa mwaka 1838, ofisi hiyo iliwekwa chini ya Master of the Rolls, ikakaa hapo mpaka sheria ya 1958 ilipoihamisha. Cheo hakikubadilishwa jina.

Kwa sababu hiyo naona "Bwana wa Magombo" ni tafsiri ya kupotosha: "Master" hapa ni msimamizi wa kazi. Afadhali uache cheo kwa Kiingereza, ukieleze mara moja.

Tazama na mwaka wa kesi. Denning alikuwa Master of the Rolls kuanzia 1962 hadi 1982. Lakini hukumu yake inayonukuliwa sana kwetu, ya ushuru wa daraja la Nyali, Mombasa, ambamo alifananisha sheria ya Kiingereza na mwaloni usioweza kuhamishiwa Afrika ukabaki na tabia zake zote za kwao, ilitolewa 1955. Wakati huo alikuwa Lord Justice, yaani jaji wa Mahakama ya Rufani, na kifupi chake ni L.J. Ukiandika M.R. hapo, umempa cheo miaka saba kabla hajakipata.