Kipolandi na Kijojia: undugu wa kusingiziwa

Kila ikitengenezwa orodha ya lugha ngumu duniani, Kipolandi na Kijojia hutupwa kapu moja. Zote za kule kwa Warusi, zote zimejaa konsonanti, zote zina nomino zenye maumbo saba kwa kufuata kazi yake katika sentensi. Nimewahi hata kusoma kwamba ukijua moja, nyingine itakujia yenyewe. Haitakujia. (Jojia ninayoisema ni ile ya milima ya Kaukasi, mji mkuu Tbilisi, si jimbo la Marekani lenye Atlanta.)

Dhana: Zote mbili zimetokana na Kirusi

Kipolandi ni ndugu wa Kirusi, si mtoto wake. Ni lugha za Kislavoni zote mbili, ila Kipolandi kimo katika tawi la magharibi pamoja na Kicheki na Kislovaki, Kirusi kiko tawi la mashariki. Kislavoni chenyewe kimo ndani ya ukoo mkubwa wa Kihindi-Kiulaya, unaofika mpaka Bara Hindi. Wasikilize Wagujarati wa Zanzibar au Mombasa wakihesabu: tatu ni *tran*, nne *char*, tano *panch*. Mpoland anasema *trzy*, *cztery*, *pięć*, na hiyo ya mwisho hutamkwa karibu na "pyench". Mjojia je? *Sami, otkhi, khuti*. Hayumo kabisa.

Kijojia ni cha ukoo wa Kikartveli, ukoo wa lugha nne tu: Kijojia, Kimingreli, Kisvani, na Kilazi ambacho wasemaji wake wengi wako Uturuki. Hakuna aliyethibitisha undugu wake na ukoo mwingine wowote, wala na lugha za majirani zao wa Kaukasi ya kaskazini. Kwa nasaba ya lugha, basi, Mpoland yuko karibu zaidi na Mgujarati wa Mombasa kuliko na Mjojia.

Kilicholeta mkanganyiko ni siasa. Jojia ilikuwa ndani ya Muungano wa Kisovieti kuanzia 1922 hadi 1991. Poland haikuwa sehemu yake hata siku moja, ingawa baada ya Vita Kuu ya Pili iliishi chini ya kivuli chake. Na Wajojia hawakukaa kimya. Rasimu ya katiba mpya ilipotaka kukiondolea Kijojia hadhi ya lugha ya dola, tarehe 14 Aprili 1978 maelfu waliingia mitaani Tbilisi, wengi wao wanafunzi. Wakubwa wakarudi nyuma, kifungu kikabaki. Siku hiyo huadhimishwa hadi leo kuwa siku ya lugha ya Kijojia.

Dhana: Kijojia huandikwa kwa herufi za Kirusi

Kina herufi zake, 33, na katika maandishi ya kawaida hakuna herufi kubwa, hata kwa majina ya watu. Tbilisi huandikwa თბილისი. Maandishi ya Kijojia katika kanisa la Bolnisi ni ya mwaka 494, karibu miaka 400 kabla ya herufi zinazotumiwa na Warusi kuanza. Kipolandi kinatumia alfabeti ya Kilatini iliyoongezwa alama, kama *ą*, *ł* na *ż*.

Hapa pana dhana nyingine ndani yake: kwamba lugha yenye watu wengi ndiyo iliyotangulia kuandikwa. Wasemaji wa Kipolandi ni takriban milioni 40, wa Kijojia hata milioni 4 ni tabu kufika. Lakini sentensi ya Kipolandi inayohesabiwa kuwa ya kwanza kuandikwa iko katika kitabu cha Kilatini cha watawa wa Henryków, cha mnamo 1270. Ni mume anamwambia mkewe aliyechoka kusaga: acha nisage mimi, wewe pumzika.

Dhana: Zote hazitamkiki

Kwa Kipolandi, tatizo kubwa liko machoni kuliko mdomoni. *Sz* ni "sh" yetu, *cz* ni "ch", basi. Jina la mji wa Szczecin linatisha, kumbe ni "Shchechin". Isitoshe, mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama Kiswahili, kwa hiyo hapo huna cha kujifunza.

Kijojia ndicho chenye konsonanti za kweli, maana kila herufi ina sauti yake. *Gvprtskvni*, yaani "unatumenya" kama mtu amenyavyo chungwa, ina konsonanti nane mfululizo na irabu moja mkiani. Tena kuna *k* ya pumzi na *k* ya kufyatua kooni, na ukizichanganya umesema neno jingine. Aliyesikia Kiamhari kikisemwa anazijua sauti za namna hiyo.

Dhana: Maumbo saba huku, saba kule, sarufi ni ileile

Saba ni saba, lakini kazi zake hazifanani. Mpoland hubadilisha mwisho wa nomino kwa kufuata pia jinsia na idadi. "Wawili" peke yake inasumbua: *dwaj chłopcy* ni wavulana wawili, *dwie dziewczyny* wasichana wawili, *dwa psy* mbwa wawili, *dwoje dzieci* watoto wawili. Anayesema "watu wawili, viti viwili, nyumba mbili" bila kufikiri hatashangaa sana.

Kijojia hakina jinsia kabisa. *Is* ni yeye, mume au mke. Ugumu wake ni mtenda kubadilika kwa kufuata wakati. "Mwanamume anaandika barua" ni *katsi tsers tserils*. "Mwanamume aliandika barua" ni *katsma datsera tserili*. Mtu ni yuleyule, lakini *katsi* amekuwa *katsma*, na barua nayo imebadilika. Kipolandi hakina mchezo huo.

Halafu kuna kitenzi, ninachokipenda mimi. *Mnakha* ni aliniona, *gnakha* ni alikuona: mtendwa yumo ndani ya neno, kama kwetu. Mpoland lazima alete neno la pili, *widział mnie*.

Dhana: Ugumu wao ni sawa

Hii hutolewa katika orodha ya taasisi ya Marekani inayowafundisha wanadiplomasia, iliyoziweka zote katika kundi la lugha za takriban wiki 44 za masomo. Orodha hiyo inampima mtu aliyekulia Kiingereza. Mswahili anaingia na mtaji mwingine: kwa Kipolandi ana mazoea ya upatanisho wa ngeli, kwa Kijojia ana kitenzi kinachobeba mtenda na mtendwa. Ningelazimika kuchagua, ningeanza na Kipolandi, kwa sababu ya zile konsonanti nane.