Je, wajua kwa nini Lennox Lewis alitua ngumi 348, Holyfield 130, na pambano likaisha sare?

Machi 13, 1999, ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Raundi 12 za uzito wa juu zimekwisha, na maelfu ya Waingereza waliovuka bahari kumshangilia Lennox Lewis wanasubiri jambo moja tu: jina lake litajwe. Wahesabu ngumi waliokaa kando ya ulingo wameandika kwamba Lewis amerusha ngumi 613 na 348 zimetua. Evander Holyfield amerusha 385, zikatua 130.

Kadi za majaji zikasomwa. Stanley Christodoulou wa Afrika Kusini: 116 kwa 113, Lewis. Eugenia Williams wa Marekani: 115 kwa 113, Holyfield. Larry O'Connell wa Uingereza: 115 kwa 115. Mmoja huku, mmoja kule, wa tatu katikati. Sare. Kila mtu akabaki na mikanda yake, Lewis na wa WBC, Holyfield na wa WBA na wa IBF, ambazo ni taasisi zinazotoa ubingwa wa dunia. Mikanda hiyo mitatu ilikuwa haijakaa kiunoni mwa mtu mmoja tangu mwaka 1992, bingwa wa wakati huo, Riddick Bowe, alipoutupa ule wa WBC kwenye pipa la taka jijini London, na pambano hili ndilo lililotarajiwa kuiunganisha.

Inawezekanaje?

Jibu la kwanza ni kwamba majaji hawahesabu ngumi. Zile takwimu hukusanywa na watu wawili wanaobonyeza vitufe, kila mmoja akimfuata bondia mmoja. Hutumika kwenye televisheni na magazeti, wala hazina nguvu yoyote kwenye kadi. Jaji anapima kila raundi peke yake: nani ametua makonde safi na mazito, nani ameshambulia kwa manufaa, nani amejilinda vizuri, nani ametawala ulingo. Mshindi wa raundi anapata pointi 10, aliyeshindwa 9. Akiangushwa chini, mara nyingi anapata 8. Kengele ikilia, karatasi ya raundi hiyo inakusanywa, na inayofuata inaanza upya.

Hapo ndipo ngumi zinapopotea. Ni kama ligi ya mpira: ukimfunga mtu mabao 5 kwa 0 unapata pointi tatu zilezile za bao 1 kwa 0. Lewis alikuwa na raundi za kumlemea mwenzake kwa konde lake refu la kushoto, akimweka mbali na kumpiga atakavyo. Raundi hizo zilimpa 10 kwa 9. Holyfield aliyeshinda raundi yake kwa ngumi chache tu naye alipata 10 kwa 9. Kwa kuwa hakuna aliyeangushwa usiku ule, Lewis hakuwa na njia rahisi ya kuugeuza wingi wa ngumi zake kuwa pengo la pointi. Holyfield naye aliingia na mkakati unaowavutia majaji. Alikuwa ametangaza kwamba atamwangusha Lewis raundi ya 3, na raundi hiyo kweli alikuja kwa nguvu zote. Baadaye, Lewis alipopunguza kasi katika baadhi ya raundi, alimwachia nafasi ya kujikusanyia pointi.

Basi utaratibu unaeleza kwa nini pengo la ngumi 218 linaweza kuonekana dogo kwenye kadi. Hauwezi kueleza raundi ya 5. Humo Lewis alitua ngumi 43, Holyfield 11, na Lewis alimbana mwenzake kwenye kamba. Williams alimpa Holyfield raundi hiyo. Mimi nimeitazama mara nyingi, na sioni kipimo chochote kati ya vile vinne kinachoweza kumpa Holyfield.

Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa. Waendesha mashtaka wa New York walichunguza, na bunge la jimbo likawaita wahusika. Williams alieleza kwamba wapiga picha walimziba asione vizuri, na kwamba alipoiangalia raundi ya 5 kwenye televisheni angempa Lewis. Maelezo hayo yalichekwa, lakini tatizo lenyewe ni la kweli. Jaji anakaa chini, macho yake yako karibu na usawa wa sakafu ya ulingo, kamba ziko mbele yake, na upande mmoja tu wa mabondia ndio anaouona vizuri. Mwamuzi akipita, mgongo wa bondia ukigeuka, ngumi inapotea. Mtu aliye nyumbani ana kamera kadhaa na marudio. Hakuna jaji wa usiku ule aliyeshtakiwa. Hata hivyo shaka haikuzuka bure: kila taasisi ya ubingwa iliteua jaji wake, Williams akiwa wa IBF, na mwaka uleule rais wa IBF, Bob Lee, alifunguliwa mashtaka ya kupokea hongo ili kupandisha mabondia kwenye orodha za viwango. Kesi hiyo haikuhusu pambano hili, ila ilionyesha aina ya soko ambamo ngumi zilikuwa zikiuzwa.

Lawama nyingi zilimwangukia Williams. Chukua kalamu, ufanye hesabu. Kadi yake ya 115 kwa 113 maana yake alimpa Holyfield raundi 7 na Lewis 5. Mrudishie Lewis raundi ya 5, inakuwa 6 kwa 6, yaani 114 kwa 114. Sasa majaji wawili wana sare, mmoja ana Lewis. Matokeo? Sare bado!

Tazama kadi ya O'Connell, Mwingereza mwenzake Lewis. Ili ufike 115 kwa 115 bila mtu kuangushwa, unampa kila bondia raundi 5 na kuzifanya 2 kuwa sare. Raundi mbili ambazo jaji hakuamua! Lau angempa Lewis mojawapo tu, kadi ingekuwa 115 kwa 114, na Lewis angeshinda kwa majaji wawili dhidi ya mmoja, kadi ya Williams ikiwa vilevile ilivyo, na makosa yake yote. Kwa maoni yangu ubingwa ulipotelea kwenye raundi hizo mbili. Sheria inaruhusu raundi ya sare, lakini katika mchezo wenye raundi 12 na majaji watatu, kila jaji anayekwepa kuamua anaongeza uzito wa jaji aliyekosea.

Walirudiana Novemba 13, 1999, Las Vegas. Safari hii Holyfield alipigana vizuri zaidi, na raundi nyingi zilikuwa za kubishaniwa. Majaji wote watatu walimpa Lewis: 115 kwa 113, 116 kwa 112, na 117 kwa 111. Yaani pambano lililokuwa gumu kuamua lilimpa ushindi wa wazi, na lile lililokuwa jepesi likamnyima. Lewis alistaafu akiwa na ushindi 41, vipigo 2 na sare 1. Hiyo sare ni ya New York.