Je, wajua kwa nini msaada wa miaka mitano uliwadhuru wavulana wa Massachusetts?

Wazee husema tenda wema nenda zako. Daktari mmoja wa Boston, jimboni Massachusetts, Marekani, Richard Clarke Cabot, alitaka watu wafanye kinyume: tenda wema, halafu rudi ukaangalie umefanya nini. Kwa sababu ya wazo hilo, mwanamke aliyeitwa Joan McCord alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwatafuta wanaume 506 ambao utotoni walikuwa sehemu ya jaribio la Cabot, na sasa walikuwa wametawanyika kila mahali. Alichokikuta kiliwashtua watu wa ustawi wa jamii, na bado kinapaswa kutushtua sote tunaoamini kwamba kijana akipata mtu mzima wa kumjali, mambo yake yatanyooka.

Cabot hakuwa mtu wa kudharau kazi ya ustawi. Mwaka 1905, katika hospitali ya Massachusetts General, ndiye aliyeanzisha kazi ya maafisa ustawi hospitalini. Aliona haina maana kumwandikia mtu dawa na mapumziko ilhali nyumbani kwake hakuna chakula wala mahali pa kupumzika. Alipowahutubia wana ustawi wa Marekani mwaka 1931 aliwasihi wapime matokeo ya kazi yao kwa kitu kilicho zaidi ya imani, zaidi ya madai, zaidi ya kisa cha mtu mmoja aliyefanikiwa. Ombi hilo nalipenda sana. Kila mradi una yule kijana mmoja anayeletwa mbele ya wageni kutoa ushuhuda, na ushuhuda wake huwa wa kweli kabisa. Ila hautuambii chochote kuhusu wenzake mia mbili ambao hawakuitwa.

Cabot akatoa mfano mwenyewe. Katika miji ya Cambridge na Somerville, ng'ambo ya mto kutoka Boston, watu wake waliomba shule, makanisa, mashirika ya msaada na polisi wawatajie wavulana wenye umri chini ya miaka 12. Hawakutaka watukutu peke yao. Walichanganya na watoto watulivu, ili kuingia kwenye mradi kusiwe alama ya aibu. Kisha wakawapanga wawili wawili: umri unaokaribiana, familia zinazofanana, mitaa ya aina moja, tabia zisizopishana sana. Kwa kila jozi wakarusha sarafu. Mmoja akaingia kwenye mradi, mwenzake akaachwa aendelee na maisha yake kama kawaida.

Mtu anaweza kuona kurusha sarafu ni ukatili. Kwa nini usimsaidie anayehitaji zaidi? Lakini ukichagua mwenyewe, utachagua kwa sababu fulani, na sababu hiyo itakufuata hadi mwisho. Ukiwachukua wale ambao wazazi wao wamejitokeza kuomba, baadaye hutajua kama kilichomwokoa mtoto ni mradi au ni mzazi wake. Ukiwachukua walioharibika zaidi, watakuja kuonekana wabaya hata kama umewasaidia. Sarafu haimjui mtoto wala mama yake. Ndiyo maana tofauti itakayojitokeza miaka mingi baadaye inaweza kuhusishwa na mradi wenyewe.

Kazi ilianza mwaka 1939, mwaka huohuo Cabot alipofariki. Wavulana walikuwa na umri wa miaka kumi na nusu hivi kwa wastani. Kila mmoja alipewa mshauri wake, ambaye alimtembelea kama mara mbili kwa mwezi, akaijua familia, akasuluhisha ugomvi wa nyumbani. Zaidi ya nusu yao walifundishwa masomo ya ziada. Zaidi ya mia moja walitibiwa na madaktari au kuonwa na wataalamu wa akili. Robo yao walipelekwa kwenye kambi za likizo ya kiangazi. Wengi waliunganishwa na skauti na vikundi vingine vya vijana. Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto na washauri wakapungua, wavulana kadhaa walipunguzwa, kila mmoja pamoja na jozi yake, wakabaki 253 kila upande. Mradi ulifungwa mwaka 1945, baada ya kila mvulana kuhudumiwa kwa miaka mitano na nusu kwa wastani. Ni miradi michache sana ya leo inayoweza kujisifu kwamba imekaa na mtoto mmoja muda mrefu kiasi hicho.

Tathmini ya kwanza ilitoka mwaka 1951. Haikuona tofauti ya maana kati ya makundi mawili. Wengi wakajiliwaza kwamba labda ni mapema, mbegu haijachipua.

Hapo ndipo Joan McCord anapoingia. Alikuwa amesomea falsafa Stanford, akafundisha watoto wa shule, kisha katika miaka ya 1950 yeye na mumewe, mwanasosholojia William McCord, wakaanza kuyachambua mafaili ya mradi. Washauri walikuwa wameandika kila ziara: nani alikuwa jikoni, baba alirudi amelewa au hakulewa, mama alimwadhibu mtoto vipi na kwa kosa gani. Waandishi wa mafaili hayo hawakujua mtoto angekuja kuwa nani, na kwa mtafiti hiyo ni hazina. Ukimuuliza mfungwa wa miaka 40 habari za utoto wake, atakusimulia utoto unaolingana na kifungo chake.

Baadaye ndoa ilivunjika. Joan akabaki na watoto wawili wa kiume wa kulea, akarudi darasani, akapata shahada ya uzamivu ya sosholojia Stanford mwaka 1968, akaanza kufundisha Drexel huko Philadelphia. Mtu mwingine angetafuta mada mpya ya kumpatia jina haraka. Yeye katikati ya miaka ya 1970 alirudi kwa wavulana walewale, ambao sasa walikuwa wanaume wenye mvi.

Hebu fikiria kazi yenyewe. Hakuna intaneti. Una jina la mtoto na mtaa aliokaa miaka 30 iliyopita. Timu yake ilipekua vitabu vya anwani za wakazi, usajili wa magari, kumbukumbu za ndoa na za vifo, na wakati mwingine ilibahatisha tu. Waliotafuta rekodi za mahakama na hospitali hawakuambiwa nani alikuwa kundi gani, ili macho yao yasivutwe upande mmoja. Mwishowe karibu wote walipatikana, wazima au kaburini. Katika utafiti wa namna hii watu hupotea kwa makumi, na mara nyingi wanaopotea ndio wenye matatizo. Mimi huanza kuuamini utafiti nikishaona idadi ya waliopotea.

Wale waliohudumiwa waliulizwa kama mradi uliwafaa. Theluthi mbili walisema ndiyo. Wapo waliosema uliwatoa mitaani, wapo waliowakumbuka washauri kwa upendo, wapo walioamini kwamba bila mradi wangeishia kwenye uhalifu. Kama tathmini ingeishia hapo, tungekuwa na ripoti nzuri yenye picha.

Lakini rekodi za makundi mawili zilipowekwa pamoja, habari ikageuka. Waliosaidiwa hawakuwa wamehukumiwa wachache kuliko wenzao. Kati ya waliowahi kutenda kosa, wale wa mradi ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kurudia. Dalili za ulevi zilikuwa nyingi zaidi kwao. Waliofariki walikuwa wamefariki wakiwa na umri mdogo zaidi. Kazi zao zilikuwa za hadhi ya chini zaidi, na magonjwa yanayotokana na msongo yaliwasumbua zaidi. McCord alichapisha matokeo hayo mwaka 1978. Katika yote yaliyopimwa, hapakuwa na hata moja ambapo waliosaidiwa walionekana kuwashinda ambao hawakusaidiwa.

Bahati mbaya tu? Alilichunguza hilo pia. Kama ni bahati mbaya, madhara yangesambaa ovyo. Hayakusambaa ovyo. Yaliongezeka kadiri huduma ilivyokuwa ndefu na ya karibu, na yalijitokeza kwa wale ambao familia zao zilishirikiana vizuri na washauri. Familia zilizokuwa zikikwepa, watoto wao hawakudhurika. Ni kama dawa: waliomeza dozi kamili ndio walioumwa.

Sasa kwa nini? Mwanzoni alipendekeza maelezo kadhaa. Labda watoto walizoea kubebwa, na mradi ulipofungwa wakakosa mhimili. Labda maadili ya washauri yaligongana na ya nyumbani. Labda mtoto anayetembelewa miaka yote hujifunza kujiona ni mtu mwenye kasoro. Labda waliahidiwa, hata bila maneno, dunia ambayo haikuja. Hakuacha kutafuta, na mwaka 1999, akishirikiana na wanasaikolojia Thomas Dishion na François Poulin, alitoa jibu lenye uzito zaidi. Walipowatenganisha wavulana kwa aina ya huduma waliyopata, madhara mengi yalionekana kwa wale waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja.

Kambini, yaani mahali penye hewa safi, kuogelea na chakula cha kutosha. Lakini usiku, mshauri akishalala, wavulana hubaki na wavulana. Dishion alikuwa ameliona hili kwa karibu huko Oregon, ambako wavulana 206 walirekodiwa kwa video, kila mmoja akizungumza na rafiki yake kwa dakika 25. Watafiti walihesabu vicheko. Kwa baadhi ya marafiki, kilichochekwa kilikuwa hadithi ya kuvunja sheria: kumdanganya mwalimu, kuiba dukani. Yakizungumzwa mambo ya kawaida, kimya. Likitajwa kosa, kicheko. Wavulana waliochekeana hivyo ndio waliozidi kuharibika miaka iliyofuata. Hakuna aliyemshawishi mwenzake wala kumtishia. Ni kicheko tu, na mtoto wa miaka 13 anajua vizuri kipi kimempatia kicheko na kipi hakikumpatia.

Hii ndiyo sehemu inayonigusa zaidi, kwa sababu kuwakusanya vijana wenye matatizo pamoja ndicho kitu cha kwanza tunachokifikiria. Ni rahisi, ni nafuu, na kinapendeza kwenye picha. Miaka ya 1970, wafungwa wa vifungo virefu katika gereza la Rahway, New Jersey, walianza kupokea makundi ya vijana ili wawatishe kwa kuwaonyesha jela ilivyo. Taifa zima lilishangilia. James Finckenauer wa Chuo Kikuu cha Rutgers alipowalinganisha waliokwenda na wasiokwenda, waliokwenda ndio walioingia zaidi matatani baadaye.

McCord alihamia Chuo Kikuu cha Temple mwaka 1987, na mwaka 1989 akawa mwanamke wa kwanza kuiongoza jumuiya ya wataalamu wa kriminolojia, yaani elimu ya uhalifu, ya Marekani. Hakusema watoto waachwe bila msaada. Alichodai ni kwamba mradi wa kijamii uchukuliwe kama dawa mpya: huenda unatibu, huenda haufanyi kitu, huenda unadhuru, na anayeutoa ana wajibu wa kujua ni lipi kati ya hayo kabla hajaueneza. Alifariki mwaka 2004 akiwa bado anawaandikia wenzake kuhusu wavulana wale.

Mafaili hayakufungwa. Brandon Welsh na wenzake wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Boston, waliendelea kuwafuatilia wanaume hao hadi uzeeni, ambapo wengi wao walikuwa wameshafariki. Mwaka 2019 walichapisha hesabu ya vifo. Ile tofauti ya umri wa kufa, iliyokuwa imemtia McCord wasiwasi mwaka 1978, haikuonekana tena. Kwa upande wa vifo, kundi lililosaidiwa na kundi lililoachwa sasa yalikuwa sawasawa, kama yalivyokuwa kabla sarafu haijarushwa.