Maji ya Ubongo Huanza Kutoa Habari Mapema

Kuna swali ambalo sisi wa idara ya picha tunaulizwa karibu kila wiki na ndugu wa wagonjwa: "Daktari, CT-Scan imeonyesha hakuna damu kichwani. Sasa mbona mzee bado hanyanyui mkono, na mnatuambia twende MRI?" Swali hilo ni la haki, hasa kwa mtu ambaye keshalipia kipimo kimoja. Jibu lake lilianza Paris mwaka 1984, kwa Denis Le Bihan, aliyekuwa daktari wa radiolojia na papo hapo akisomea fizikia.

Tuanze na CT. Kipimo hiki ni cha haraka, kinatumia eksirei, na kwa mgonjwa wa kiharusi kazi yake kubwa ni kutuambia kama mshipa umepasuka na damu imevuja. Damu isipoonekana, uwezekano mkubwa ni kwamba mshipa umeziba. Lakini sehemu ya ubongo iliyokosa damu saa moja iliyopita inaweza kuonekana kwenye CT sawasawa na sehemu iliyo nzima. Kwa hiyo majibu ya "hakuna damu" hayamaanishi "hakuna kiharusi". Naomba msomaji alishike hilo hata kama mengine yote yatampita.

MRI yenyewe haitumii eksirei. Inatumia sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio, na kinachoijibu zaidi ni maji yaliyomo mwilini. Kila molekuli ya maji ina haidrojeni, na viini vya haidrojeni, yaani protoni, vikiwekwa ndani ya sumaku hufanya kama sindano ndogo za dira. Wimbi la redio huzisukuma. Zikirudi mahali pake hutoa ishara, na mashine huigeuza ishara hiyo kuwa picha. Picha za kawaida za MRI hutuonyesha maji yako wapi na yako katika hali gani. Le Bihan alitaka kujua zaidi: maji hayo yanatembea umbali gani?

Si mwendo wa mto au wa damu mshipani. Dondosha wino kwenye glasi ya maji yaliyotulia, usikoroge, kisha subiri: wino utasambaa wenyewe, kwa sababu molekuli hazitulii hata kidogo. Albert Einstein alionyesha hesabu ya mtikisiko huo mwaka 1905. Kwa joto la mwili, molekuli ya maji iliyo huru husogea kiasi cha maikromita 17 katika milisekunde 50, na maikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Ndani ya ubongo haifiki huko. Inagonga utando wa seli, inazunguka nyuzi za neva, inarudi. Ukiweza kupima jinsi inavyozuiwa, umeanza kujua imezungukwa na nini, ingawa vitu vyenyewe ni vidogo mno kuonekana kwenye picha.

Le Bihan alianzia kwenye ini. Tatizo lililokuwa mezani lilikuwa kutofautisha saratani ya ini na uvimbe usio na madhara unaotokana na mishipa ya damu, naye akafikiri kwamba seli za saratani, kwa kuwa zimesongamana, zitayabana maji. Ilishindikana. Ini hupanda na kushuka kwa kila pumzi, na mbele ya mwendo huo maikromita chache hazipimiki. Akahamia kwenye ubongo, ambao umetulia ndani ya fuvu. Picha za kwanza zilipatikana mwaka 1985 na kuchapishwa 1986. Hata hivyo zilichukua muda mrefu, na mgonjwa akitikisa kichwa zinaharibika. Zilifaa kweli hospitalini baada ya kuunganishwa na mbinu ya upigaji wa haraka iliyoasisiwa na Peter Mansfield wa Nottingham, yule aliyepewa Nobel ya tiba mwaka 2003 pamoja na Paul Lauterbur.

Mwaka 1990 Michael Moseley na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walitumia njia hiyo kwa paka waliozibwa mshipa wa ubongo. Dakika 45 tu baada ya damu kukatika, sehemu iliyoumia ilikuwa imeng'aa kwenye picha. Picha za kawaida za MRI zilikaa saa mbili hadi tatu bila kuonyesha kitu cha maana.

Nini kilitokea katika dakika hizo? Kila seli ya ubongo ina pampu ndogo zinazotoa chumvi nje usiku na mchana, na pampu hizo zinakula nishati. Damu ikikatika, oksijeni na sukari vinakatika, pampu zinasimama. Chumvi inabaki ndani ya seli na kuyavuta maji. Seli zinavimba, njia kati yake zinakuwa nyembamba, na maji yaliyokuwa yakizunguka yanabanwa. Kiasi cha maji katika eneo hilo bado hakijabadilika sana, ndiyo maana CT haioni. Mwendo wake ndio uliobadilika. Nimesoma picha hizi kwa miaka mingi, na bado nikiona lile doa jeupe huwa najua natazama seli ambazo muda mfupi uliopita zilikuwa zikifanya kazi.

Leo kipimo hiki cha usambaaji wa maji huchukua dakika moja au mbili tu ndani ya MRI ya kawaida. Faida yake kubwa nyingine imekuja kwa watu wanaoamka na kiharusi. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa kwa kawaida ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Aliyelala mzima na kuamka amepooza hajui zilianza lini, na zamani alinyimwa dawa kwa sababu hiyo. Utafiti uliofanyika katika nchi nane za Ulaya na kuchapishwa mwaka 2018 ulitumia MRI kama saa: doa likiwa linaonekana kwenye picha ya usambaaji lakini bado halijajitokeza kwenye aina nyingine ya picha iitwayo FLAIR, kiharusi huenda hakijapita saa nne na nusu. Kati ya wagonjwa wa namna hiyo waliopewa dawa, asilimia 53.3 walikuwa na hali nzuri baada ya siku 90, dhidi ya asilimia 41.8 ya ambao hawakupewa. Dawa yenyewe inaweza kusababisha damu kuvuja kichwani, kwa hiyo haitolewi kwa kubahatisha.

Maji hutembea kwa wepesi zaidi kufuata nyuzi za neva kuliko kuzikata. Kwa kulitumia hilo, Peter Basser, James Mattiello na Le Bihan walionyesha mwaka 1994 namna ya kupima uelekeo wa nyuzi, na sasa daktari wa upasuaji anaweza kuona njia ya neva za mkono au ya usemi imepita upande gani wa uvimbe kabla hajafungua fuvu.

Le Bihan baadaye aliongoza kuanzishwa kwa kituo cha NeuroSpin huko Saclay, Ufaransa, chenye sumaku ya Tesla 11.7 (Tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) iitwayo Iseult. Ina uzito wa tani 132, na nyaya zake zenye urefu wa kilomita 182 hupozwa kwa heliamu ya kimiminika. Mwaka 2024 zilitangazwa picha zake za kwanza za ubongo wa binadamu. Mashine hiyo ni ya utafiti. Mgonjwa wa kiharusi haihitaji, Tesla 1.5 au 3 za hospitali zinatosha. Mimi navutiwa zaidi na upande wa pili: mwaka 2022, Mbarara nchini Uganda, iliunganishwa mashine ya sumaku ndogo, isiyohitaji heliamu, kwa nia ya kuwasaidia watoto wenye kichwa maji. Picha zake hazina ukali wa zile kubwa, lakini kuona maji yaliyojaa kichwani hakuhitaji Tesla 11.

Ukimpeleka mgonjwa MRI, waambie wahudumu kila chuma alichonacho: kifaa cha moyo, klipu ya upasuaji wa zamani, risasi, pini za mtandio, hirizi yenye bati. Kama ni fundi wa kuchomelea, sema, maana kipande kilichobaki jichoni kinaweza kusogea. Ndani kuna makelele makubwa. Ni ya nyaya zinazotikiswa na umeme, na atapewa vizibo vya masikio.

Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakichanganyika ghafla, mkimbizeni hospitali hata kama wapo wanaosema karushiwa kitu. Na kabla ya kuondoka nyumbani, ulizaneni nani alimwona mzima mara ya mwisho, na ilikuwa saa ngapi. Aliswali Isha? Alijibu simu ya mjukuu saa 4 usiku? Andikeni saa hiyo kwenye karatasi, kwa sababu ndicho kitu cha kwanza tutakachowauliza mlangoni.